Bakteria wa Udongo Hutoa Dawa Wakiwa Katika Hali Gani?



 

Ndugu msomaji, mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa sayansi. Darasa hili nimelipata kwa mwenzangu wa chumbani. Tumepanga chumba kimoja hapa Namuwongo, chini ya kilima cha Kibuli, na yeye anasoma mikrobiolojia. Siku moja baada ya mvua alirudi na mfuko wa plastiki wenye tope. Alikuwa amelichota kwenye shamba la magimbi, kule bondeni ambako maji ya mfereji wa Nakivubo huingia kwenye kinamasi kabla ya kufika Ziwa Victoria. Nikamwambia, "Daktari, tope la nini ndani ya chumba tunachoswalia?" Akacheka. "Sheikh, dawa iliyokuponya mwaka jana ilianzia kwenye udongo kama huu."

Tope lililala nje usiku ule, na asubuhi likaenda maabara. Lakini maneno yake yalinikaa moyoni, kwa sababu habari ya mwaka jana ilikuwa ya aibu kwangu.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwaka jana nilipata jipu kwenye paja. Sikwenda kwa daktari. Nilipita katika duka moja la dawa, nikanunua vidonge 10 vya amoksilini kwa sababu ndizo pesa nilizokuwa nazo, nikavimeza bila kupimwa. Jipu halikupona, likazidi, na homa ikaja. Nilipofika hospitali walilipasua, wakachukua usaha kuupima, na majibu yakaonyesha kwamba bakteria wale hawasikii amoksilini hata kidogo. Nikapewa doksisaiklini, nikapona kwa idhini ya Allah. Lakini nilikosa mtihani wa Usulul-Fiqh, nikaurudia muhula uliofuata.

Hali hiyo inaitwa usugu wa dawa. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Kila tunapotumia dawa ovyo, tunawapa bakteria nafasi ya kuizoea. Na dawa mpya hazipatikani kwa wepesi. Ndiyo maana kijana wa Namuwongo anachota tope.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Mafundisho hayo yanatupa matumaini, na pia yanatupa kazi, kwa sababu dawa iliyoteremshwa bado inatakiwa kutafutwa.

2. Bakteria hawa ni nani

Kundi linalotajwa sana ni Streptomyces. Ni bakteria, lakini huota kama ukungu: hutandaza nyuzi nyembamba ndani ya udongo, kisha hutoa spora zinazofanana na vumbi. Ile harufu ya ardhi tunayoisikia mvua ya kwanza ikinyesha inatokana kwa kiasi kikubwa na kitu kinachoitwa jeosmini, nao ni miongoni mwa wanaoitengeneza.

Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, alipata streptomaisini kutoka kwa Streptomyces griseus. Hiyo ndiyo antibiotiki ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu. Mwaka 1948 ikatangazwa dawa ya kwanza ya ukoo wa tetrasaiklini, iliyotokana na udongo wa shamba huko Missouri. Doksisaiklini niliyopewa mimi ni ya ukoo huo huo.

Ukimsikia mtu anasema udongo una dawa, basi maana yake ni hiyo: ndani ya udongo wamo viumbe wadogo wanaotengeneza kemikali zinazoua au kuzuia viumbe wengine. Maana yake si kwamba tope lenyewe ni dawa. Kinamasi chetu kinapokea maji machafu ya mji, na udongo hubeba spora za pepopunda. Usipake tope kwenye kidonda. Wala tusiichukue tayammum tukasema iliwekwa kwa ajili ya antibiotiki. Tayammum ni ibada, tunaifanya kwa kuwa tumeamrishwa, na haihitaji maabara kuithibitisha.

3. Shibe haitoi dawa

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Mwenzangu aliukausha ule udongo, akaupasha joto kidogo ili kupunguza bakteria wengine, akauchanganya na maji safi, akaupanda juu ya aga. Aliweka pia dawa ya kuzuia ukungu. Baada ya siku kadhaa makundi madogo makavu, meupe na ya kijivu, yakaota. Moja lilimfurahisha. Alipoliweka karibu na bakteria wa majaribio aina ya Staphylococcus aureus, wale hawakuota pembeni yake. Palibaki duara la uwazi. Duara hilo ndilo alama ya dawa, na hupimwa kwa milimita.

Akalihamishia kwenye mchuzi wa maabara wenye glukosi nyingi na protini nyingi. Likanenepa. Chupa ikajaa uji mzito. Akachuja maji yake, akayapima, duara halikutokea. Alirudi chumbani usiku huo hana hamu hata ya chai. "Nimewalisha vizuri kabisa," aliniambia, "na hawakutoa kitu."

Hapa ndipo wengi wetu tungekosea. Tunadhani kiumbe akistawi zaidi atazalisha zaidi. Lakini antibiotiki si sehemu ya mwili wa bakteria. Wakati chakula kipo tele, bakteria hutumia nguvu zake kukua. Chakula kinapoanza kupungua, hasa naitrojeni au fosfeti, ukuaji hupungua, spora huanza kuandaliwa, na hapo ndipo mitambo ya kutengeneza kemikali hizo huwashwa. Wataalamu wengi wanaona kwamba hizo ni silaha za kulinda riziki iliyobaki, na wengine wanaona ni njia ya bakteria kupelekeana ishara. Huenda zote mbili ni kweli.

Mwaka 2002 wanasayansi walisoma jenomu yote ya Streptomyces coelicolor. Walikuta jeni zaidi ya 7,800, na humo mafungu zaidi ya 20 ya jeni za kutengeneza kemikali za namna hii, ilhali maabara zilikuwa zimeshaona chache tu kati ya hizo. Kwa hiyo bakteria mmoja anaweza kuwa na uwezo mwingi uliolala. Kazi ya mtafiti ni kujua hali gani itauamsha.

4. Hali zinazopimwa

Nimeandika hapa mambo ambayo mwenzangu hupima, kwa lugha nyepesi.

Kaboni, yaani chakula cha nguvu. Glukosi huliwa haraka, na mara nyingi huzuia utengenezaji wa dawa. Wanga au gliseroli huliwa polepole. Hata penisilini, ambayo hutoka kwa ukungu na si kwa bakteria, ilifuata kanuni hiyo: miaka ya 1940 huko Peoria, Marekani, mavuno yake yalipanda sana walipotumia sukari ya maziwa inayoliwa taratibu pamoja na maji yaliyobaki katika usindikaji wa mahindi.

Naitrojeni. Chumvi za amonia huliwa upesi na huweza kuzuia. Unga wa soya huvunjwa taratibu, ndiyo maana viwanda vingi huupenda.

Fosfeti. Inahitajika kwa uhai, lakini ikizidi, bakteria huendelea kukua bila kutoa dawa.

Joto na pH. Wengi wa Streptomyces hupenda nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, na pH karibu na 7. Hali inayofaa kwa kukua si lazima iwe ndiyo inayofaa kwa kutoa dawa.

Hewa. Wanahitaji oksijeni, hivyo chupa hutikiswa kwenye mashine mchana na usiku. Hapa Kampala umeme ukikatika usiku na mashine ikasimama, jaribio lote linaweza kuharibika.

Muda. Dawa nyingi huonekana baada ya siku kadhaa za kukua. Ukipima siku ya 2 unaweza kusema hakuna kitu, na ukipima siku ya 14 huenda ilikuwepo na imeshavunjika. Ni lazima kuchota kidogo kila siku.

Na jambo la mwisho ambalo si hali bali ni uaminifu: kila mara kuwe na chupa ya mchuzi mtupu usio na bakteria. Asidi peke yake inaweza kutengeneza duara. Bila chupa hiyo utajidanganya na kuwadanganya wenzako.

5. Kosa la kupima kimoja kimoja

Mwenzangu alianza upya kwa utaratibu aliouona salama: abadilishe kitu kimoja, vingine vyote vibaki vilevile. Nilipomsikia nikafurahi, nikamwambia hiyo ni dawaran, tunaisoma sisi.

Wanafunzi wa Usulul-Fiqh mnaikumbuka. Ili kujua illa ya hukumu, tunaangalia sifa gani ikiwepo hukumu inakuwepo, na ikiondoka hukumu inaondoka. Mfano wa wanazuoni ni maji ya zabibu: ni halali, yakilevya yanakuwa haramu, yakigeuka siki yanarudi kuwa halali. Kilichokuja na kuondoka pamoja na uharamu ni ulevi. Basi ulevi ndio illa.

Utaratibu huo ni mzuri illa ikiwa sifa moja. Je, ikiwa ni sifa kadhaa kwa pamoja? Wanazuoni wanaiita illa murakkaba, na mfano wao ni kisasi. Kuua kwa bahati mbaya hakuleti kisasi bali diya. Kuua kwa kukusudia lakini kwa haki, kama hukumu ya kadhi, hakuleti kisasi. Sifa mbili, kukusudia na dhulma, zinapokutana katika tendo moja la kuua, ndipo hukumu inapokuja. Anayezipima mojamoja atasema hakuna hata moja inayohusika.

Nilimchorea mwenzangu jambo hilo kwenye karatasi, naye akalitia namba. Namba hizi ni za mfano tu, si matokeo ya maabara:

Glukosi na peptoni: duara milimita 10.
Wanga na peptoni: milimita 10.
Glukosi na soya: milimita 10.
Wanga na soya: milimita 22.

Sasa anza na glukosi na peptoni, ubadilishe kimoja kimoja. Ukiweka wanga badala ya glukosi, hakuna tofauti. Utarudisha glukosi, uweke soya badala ya peptoni, hakuna tofauti. Utaandika kwenye ripoti kwamba wanga hausaidii na soya haisaidii, na ripoti yako itakuwa kosa. Ile chupa ya nne, yenye milimita 22, hukuifungua kabisa.

"Sheikh," alisema, "mtihani wenu ule ulioukosa, ungenifaa mimi."

Tatizo ni kwamba hatuwezi kufungua chupa zote. Ukiwa na hali 5, na kila moja ina viwango 3, ni chupa 243. Ukirudia kila moja mara 3 ili uwe na uhakika, ni chupa 729. Hakuna mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye chupa hizo.

Wanatakwimu walitafuta njia. Mwaka 1946 Plackett na Burman walichapisha mipango ambayo hubadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja kwa mpangilio maalumu. Kwa chupa 12 tu unaweza kuchuja mambo hadi 11. Siri yake ni kulinganisha wastani. Rudi kwenye mfano wetu: chupa za wanga ni 10 na 22, wastani 16. Chupa za glukosi ni 10 na 10, wastani 10. Tofauti imeonekana, ingawa kwa kupima kimoja kimoja ilijificha. Njia hii huchuja tu, haikuelezi vizuri mambo yanavyoshirikiana. Kwa hiyo baada ya kuchuja unabaki na mambo 2 au 3, unayapima kwa pamoja katika viwango mbalimbali, kama alivyoelekeza Box pamoja na Wilson mwaka 1951, mpaka uone kilele kiko wapi.

6. Chupa ya Milano na wagonjwa wa Afrika Mashariki

Huenda utauliza: je, mambo ya wanga na soya yana uzito gani kwa mgonjwa? Nitakupa kisa kimoja kinachotugusa sisi wenyewe.

Mwaka 1957 watafiti wa kampuni ya Lepetit ya Milano, Italia, walipata bakteria katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Alitoa mchanganyiko wa kemikali walizoziita rifamaisini, na ilikuwa vigumu kuzitenganisha. Kisha ikagundulika kwamba wakitia kemikali iitwayo babitali ndani ya mchuzi, bakteria yule hutoa karibu aina moja tu, rifamaisini B. Aina hiyo peke yake ina nguvu ndogo, lakini ni rahisi kuisafisha na kuigeuza. Kutokana nayo wanakemia wakafika kwenye rifampisini, ambayo mgonjwa anaweza kuimeza. Badiliko moja katika mchuzi wa bakteria lilifungua njia hiyo.

Wakati huo kifua kikuu kilitibiwa kwa muda wa mwaka na nusu. Wagonjwa wengi waliacha dawa katikati, kwa sababu nani anaweza kurudi kliniki kwa miezi 18 akiwa ana shamba na watoto? Mwaka 1970 ulianza uchunguzi mkubwa katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ukiendeshwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa walipewa tiba ya miezi 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972: waliopata streptomaisini, isoniazidi na rifampisini kwa miezi 6 walipona, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache sana, sawa na wale wa miezi 18. Dawa mbili kati ya hizo tatu zilitoka kwa bakteria wa udongo.

Tiba ya miezi 6 ambayo leo hutolewa bure katika vituo vya afya vya Uganda ina mizizi yake katika uchunguzi ule. Wagonjwa wa kwetu, babu na bibi zetu, ndio waliokubali kujaribiwa ili dunia ijue. Kwa hiyo mtu akikwambia utafiti wa tope ni mchezo wa wanafunzi, mkumbushe chupa ya Milano na foleni za kliniki za Afrika Mashariki.

7. Tunachukua nini

Kwanza, wenzetu wa sayansi: msikate tamaa chupa ikinenepa bila kutoa dawa. Badilisheni swali. Badala ya kuuliza "tuwalishe nini zaidi?", ulizeni "nini na nini vikikutana?"

Pili, sisi wa masomo ya dini: elimu ya illa tusiifungie ndani ya mtihani. Walioitunga walikuwa wanajifunza namna ya kutomsingizia Allah sababu ambayo hakuiweka. Anayeandika ripoti ya maabara naye yumo katika amana hiyo hiyo.

Tatu, sote: dawa iliyotafutwa kwa taabu namna hii, tusiitumie kama pipi. Usinunue antibiotiki bila kupimwa, usimpe mwenzako zilizobaki, na fuata maelekezo ya daktari hadi mwisho. Nasema haya mimi niliyenunua vidonge 10.

Hivi ninavyoandika, chupa 12 za mwenzangu ziko kwenye mashine ya kutikisa. Huenda zisitoe kitu kipya. Bakteria wengi wa udongo hutoa dawa ambayo tayari inajulikana, na hilo naye analijua. Jana usiku umeme ulipokatika hapa Namuwongo, alitoka kitandani saa 8 usiku, akavaa viatu, akapanda boda kwenda kuangalia kama jenereta ya maabara imewaka. Ilikuwa imewaka. Alirudi karibu na alfajiri, tukaswali pamoja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mchuzi wenye glukosi nyingi unaweza kuzaa bakteria wengi bila dawa?
2. Eleza tofauti kati ya dawaran na illa murakkaba, kisha toa mfano mmoja wa fiqhi na mmoja wa maabara.
3. Una hali 4, kila moja ina viwango 2. Ni chupa ngapi zinahitajika ukitaka kupima michanganyiko yote, kila mmoja mara 3?
4. Chupa ya mchuzi mtupu inatukinga na kosa gani?

Wallahu a'lam.